Hifadhidata za zamani ndani ya programu mpya: Suala linalozigusa Ngara na Biharamulo

JANUARI 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitika katika Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Machi 13 mwaka huo, wagonjwa wawili walikuwa wamethibitishwa kwa vipimo vya maabara na wengine wanane wakihesabiwa kuwa yaelekea waliugua ugonjwa huo. Wote 10 walifariki dunia. Ulikuwa mlipuko wa pili mkoani humo katika kipindi kisichozidi miaka miwili, baada ya ule uliotangazwa Machi 2023 huko Bukoba Vijijini.

Katika siku za namna hiyo maswali ya kwanza huhusu wagonjwa waliopo wodini, lakini swali linalofuata huhusu yaliyopita. Je, homa zisizoeleweka ziliwahi kuongezeka katika zahanati hizi miaka 10 au 20 iliyopita bila mtu kutambua? Takwimu za miaka ya karibuni zimo katika mfumo wa DHIS2, ambao halmashauri zote za Tanzania Bara hutumia kupeleka taarifa za vituo vya afya. Za kabla ya hapo zimo katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na, pale zilipobahatika kuingizwa katika kompyuta, katika faili zilizotengenezwa kwa programu ambazo kompyuta mpya hazizitambui tena.

Hapo ndipo linapoingia suala ambalo waandishi wa programu hulikuta kila wanapobadilisha mfumo: namna ya kutumia vipengele vya zamani vya kufikia hifadhidata ndani ya jukwaa jipya la kuandikia programu. Ni suala la kiufundi, lakini likikosewa hutoa takwimu ambazo zinaonekana safi na si za kweli.

Wilaya mbili zilizobadilika sura

Kagera haikuwa na bahati ya kubaki na mipaka ileile. Katika sensa ya mwaka 2002 Wilaya ya Biharamulo ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 410,000. Katika sensa ya mwaka 2012 ilikuwa na takriban 323,000. Mtu asiyejua historia akizipanga tarakimu hizo mbili katika mstari mmoja atadhani balaa kubwa liliipata wilaya hiyo. Hakukuwa na balaa. Katikati ya miaka ya 2000 eneo la Chato lilimegwa kutoka Biharamulo na kuwa wilaya yake, kisha mwaka 2012 Chato ikahamishiwa katika mkoa mpya wa Geita.

Ngara nayo ina kisa chake. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, na kambi ya Benaco ikageuka kuwa mji mkubwa kwa muda wa siku chache. Wanyarwanda walirejea kwao Desemba 1996, huku wakimbizi wa Burundi wakiendelea kuishi Lukole hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2007. Sensa ya 2002 iliikuta Ngara ikiwa na watu wapatao 335,000, ile ya 2012 ikaikuta na takriban 320,000. Kiwango chochote cha ugonjwa kinachokokotolewa kwa kila watu 1,000 hutegemea ni watu gani walihesabiwa na mpaka gani ulitumika, na hifadhidata ya zamani haikuwa na sababu ya kueleza hayo, kwa kuwa wakati ule kila mtu ofisini aliyajua.

Kutoka Cape Town hadi zahanati ya kijiji

Mtangulizi wa DHIS2 ni programu iliyobuniwa Afrika Kusini katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi, chini ya mpango wa HISP uliowaunganisha watafiti wa huko na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway. Programu hiyo ilijengwa juu ya Microsoft Access. Lilikuwa chaguo la busara kwa wakati wake, kwani Access ilipatikana katika kompyuta nyingi za ofisi, hifadhidata nzima ilikuwa faili moja ya kubebeka katika diski, na ofisa wa wilaya aliweza kujifunza kuitumia bila kuwa mhandisi. Toleo la 1.4 lilitumika katika nchi kadhaa, Zanzibar ikiwemo, kuanzia katikati ya miaka ya 2000.

DHIS2 iliandikwa upya kwa lugha ya Java, na toleo lake la kwanza likaanza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Huku Tanzania Bara, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishiriki kwa karibu, majaribio yalifanyika Mkoa wa Pwani na mfumo ukaenea nchi nzima kufikia mwaka 2013. Waandishi wake walijua kuwa nchi zilizotumia toleo la Access zisingekubali kuacha nyuma takwimu zao, hivyo wakatengeneza njia ya kuingiza data za DHIS 1.4 katika mfumo mpya. Kwa maneno mengine, programu ya Java ilibidi ijue kuzungumza na faili ya Access.

Java haizungumzi na Access moja kwa moja. Kwa miaka mingi njia iliyozoeleka ilikuwa daraja lililounganisha JDBC, ambayo ni njia ya Java ya kufikia hifadhidata, na ODBC, kiwango kilichoanzishwa na Microsoft mwaka 1992. Daraja hilo liliondolewa katika Java 8 iliyotoka mwaka 2014, na programu zilizolitegemea zikasimama siku kompyuta zilipowekewa toleo jipya. Tangu hapo wengi hutumia maktaba iitwayo Jackcess, ambayo husoma faili ya Access yenyewe bila kuhitaji Windows. Kwa ofisi inayotaka kusoma tu faili za zamani, pengine hiyo ndiyo njia yenye usumbufu mdogo kuliko zote.

Familia ya ADO

Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, hata hivyo, programu ndogondogo za miaka ile ziliandikwa kwa Visual Basic, toleo la 6 la mwaka 1998 likiwa maarufu zaidi, na zilifikia hifadhidata kwa kutumia vipengele vya Microsoft. Kwanza vilikuja DAO, vilivyofungamana na injini ya Jet ambayo ndiyo moyo wa Access. Mwaka 1996 vikafuata ADO, vilivyokaa juu ya tabaka liitwalo OLE DB. Mwaka 2002 Microsoft ilitoa jukwaa jipya la .NET, likiwa na njia yake iitwayo ADO.NET.

Majina yanafanana lakini mambo ni tofauti, na kufanana huko kumewapotosha wengi. Katika ADO ya zamani kitu cha msingi ni Recordset. Programu hufungua muunganisho, huchukua rekodi, hutembea kutoka rekodi moja hadi nyingine, na kwa kawaida muunganisho hubaki wazi muda wote huo. ADO.NET imejengwa kwa fikra nyingine: data huchotwa, huwekwa katika jedwali lililo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, muunganisho hufungwa, kisha kazi huendelea. Mabadiliko yakiwapo, muunganisho hufunguliwa tena ili yaandikwe.

Kwa nini basi mtu asiiache ADO ya zamani moja kwa moja? Mara nyingi sababu ni kwamba kipengele cha zamani hakibebi data tu. Ndani yake mna kanuni za ofisi: mgonjwa wa umri gani ahesabiwe katika kundi lipi, ripoti iliyochelewa iingie robo ipi ya mwaka, kituo kilichobadilishwa jina kisomwe vipi. Kanuni hizo pengine hazikuandikwa mahali pengine popote, na aliyeziandika amekwisha kuhama au kustaafu. Kuandika upya kila kitu kwa pupa ni kuzitupa.

Mkalimani wa kati

Jukwaa la .NET lina uwezo wa kuita vipengele vya zamani, ambavyo vyote hufuata utaratibu uitwao COM. Kati ya pande mbili huwekwa kipande cha programu kinachofanya kazi ya mkalimani. Kwa ADO kipande hicho kimekwisha kutayarishwa na Microsoft. Kwa kipengele kilichotengenezwa ofisini, zana zinazokuja pamoja na.NET hukizalisha zikisoma maelezo yaliyomo ndani ya kipengele chenyewe.

Mkalimani huyo ana gharama. Kila neno linapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine muda hupotea, na programu inayosoma uga mmojammoja wa rekodi elfu nyingi huonekana kutambaa. Dawa ni kuvusha data kwa mafungu. Kifaa cha ADO.NET kiitwacho OleDbDataAdapter kinaweza kuipokea Recordset nzima na kuimimina katika jedwali la .NET kwa agizo moja. Safari hiyo ni ya upande mmoja tu: mabadiliko yaliyofanywa katika jedwali hayarudi yenyewe katika Recordset. Aidha, agizo hilo likitumiwa kwa namna ya kutaja DataSet na jina la jedwali, huifunga Recordset linapomaliza. Likipewa jedwali peke yake haliifungi. Tofauti hiyo ndogo imewagharimu watu usiku mzima wakitafuta kwa nini rekodi zimetoweka.

Jambo jingine ni kufunga. Katika Visual Basic 6 kipengele kisichotumika tena huachiliwa papo hapo. Katika .NET kuna mfagizi wa kumbukumbu anayepita kwa wakati wake mwenyewe, na hadi apite, mkalimani anaendelea kukishikilia kipengele cha zamani. Mtumiaji wa Access huliona hilo kwa macho: kando ya hifadhidata kuna faili ndogo yenye jina lilelile na mkia wa .ldb, nayo haiondoki ingawa kila mtu amekwisha kufunga programu. Kuihamisha au kuibana hifadhidata hakuwezekani mpaka kipengele kiachiliwe. Mwandishi wa programu hana budi kuifunga Recordset na muunganisho wazi wazi, kisha kuagiza mkalimani aachilie.

Vipengele vya Visual Basic 6, zaidi ya hayo, vilitengenezwa kuhudumiwa na uzi mmoja wa kazi kwa wakati. Kurasa za mtandao za ASP.NET huhudumia watu wengi kwa mpigo. Kulikuwa na agizo maalumu la kuzilazimisha kurasa hizo zifuate utaratibu wa zamani, lakini halipo katika ASP.NET Core. Anayetaka kuhamia huko na kubeba kipengele cha zamani bora akiweke katika programu ndogo ya pembeni, inayoitwa na kujibu, badala ya kukiingiza ndani ya mfumo mpya wenyewe.

Kosa linalowakuta karibu wote ni lile la biti. Injini ya Jet haikuwahi kupewa toleo la biti 64. Programu ya .NET ikiendeshwa kwa biti 64 itasema kuwa mtoa-data hajasajiliwa, na fundi asiyejua ataisanidi upya kompyuta yote bila faida. Suluhisho ni kuiandaa programu ifanye kazi kwa biti 32, au kutumia injini ya ACE, ambayo kuanzia toleo la 2010 ina biti 64. Hata ACE ina mpaka wake, kwani Access 2013 na matoleo ya baadaye hayafungui faili za Access 97. Mwenye faili hizo anahitaji kupita kwanza katika toleo la kati, kwa mfano Access 2003 au 2010, au kuzisoma kwa maktaba kama Jackcess.

Mwezi na siku

Makosa yanayosimamisha programu si ya kuogopwa sana, kwa kuwa hujitangaza. Ya kuogopwa ni yale yanayopita kimya, na la kwanza ni tarehe. Tanzania huandika siku kwanza, kisha mwezi. Swali la Jet lililoandikwa kwa tarehe kati ya alama mbili za reli husomwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Kwa hiyo 3/4/2001, ambayo kwa karani wa Biharamulo ni Aprili 3, kwa Jet ni Machi 4. Ubaya zaidi ni kwamba tarehe 13/4/2001, ambayo haiwezekani kwa mtindo wa Marekani, Jet huigeuza yenyewe na kuisoma kama Aprili 13, bila onyo. Matokeo ni kwamba siku 12 za mwanzo wa kila mwezi zinaweza kutawanywa katika mwaka mzima huku zilizobaki zikikaa mahali pake. Kwa mtu anayetafuta mwanzo wa mlipuko, huo ni upotevu wa kilele chenyewe.

Kinga yake ni kutoandika tarehe ndani ya swali, bali kuzipitisha kama vigezo. Hapa pia pana mtego: kwa OLE DB vigezo hutambuliwa kwa mpangilio wake na si kwa jina. Ukiwa na tarehe ya kuanzia na ya kuishia, ukazitaja kwa majina sahihi lakini kwa mpangilio usio sahihi, utapata jibu tupu na kudhani kuwa hapakuwa na wagonjwa.

Vigezo hivyo hivyo huondoa adha ya kibwebwe cha juu katika majina yetu. Swali lililounganishwa kwa maneno litavunjika likifika kwenye jina kama Nyang'hwale, wilaya ya mkoa jirani wa Geita, kwa sababu alama ile ndiyo hiyohiyo inayofunga maneno katika lugha ya SQL. Programu nyingi za kigeni hujaribiwa kwa majina yasiyo na alama hiyo, kisha hufika Kanda ya Ziwa.

La pili katika makosa ya kimya ni tofauti kati ya sifuri na utupu. Kituo kilichoandika 0 kimesema hakikuona mgonjwa. Kituo kilichoacha wazi hakijasema lolote. Katika Access ya zamani nafasi tupu ni kitu kimoja na sifuri ni kingine, na .NET ina alama yake maalumu ya utupu inayopaswa kuchunguzwa kabla ya kujumlisha. Programu inayogeuza kila utupu kuwa sifuri hupotosha. DHIS2 kwa upande wake haihifadhi sifuri mpaka iagizwe kufanya hivyo kwa kila kipengele cha data. Anayehamisha takwimu asipolijua hilo atakuta sifuri zake zote zimegeuka ukimya, na vituo vilivyotimiza wajibu vikafanana na vilivyozembea.

Mipaka ndani ya jedwali

Kuhusu Biharamulo na Chato, hakuna kipengele cha ADO kitakachorekebisha ramani. Linalowezekana ni kutengeneza jedwali la kati linalotaja kila kituo, msimbo wake wa zamani, msimbo mpya, na tarehe ambazo kila kimoja kilitumika. DHIS2 huruhusu kila kitengo kuwa na tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa. Zahanati iliyo Chato leo, ambayo mwaka 2001 iliripoti Biharamulo, inaweza kupangwa upya chini ya Chato kwa miaka yote, au kuachwa chini ya wilaya ya zamani hadi siku ya mgawanyo. Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili unakubalika, mradi uandikwe na utumike kwa vituo vyote. Mchanganyiko ndio unaozaa kuanguka kwa ghafla kwa takwimu ambako hakukutokea. Makundi ya umri nayo yaligawanywa zaidi kadiri fomu za MTUHA zilivyorekebishwa, na kundi pana la zamani haliwezi kukatwa vipande baadaye; lililowezekana ni kuyajumlisha mapya ili yalingane na la zamani.

Lini kubeba, lini kuacha

Microsoft yenyewe imekuwa ikibadili msimamo. Mwaka 2011 ilitangaza kuwa OLE DB kwa ajili ya SQL Server ingeachwa. Mwaka 2017 ikatengua kauli hiyo, na mwaka 2018 ikatoa toleo jipya. Jukwaa la .NET Core lilipotoka mwaka 2016 halikuwa na njia ya OLE DB. Ilirudishwa mwaka 2019 kama kifurushi cha kuongeza, na hufanya kazi katika Windows tu. Ofisi iliyoweka seva yake kwenye Linux haina faida nayo.

Kwa hali hiyo ni salama kukitumia kipengele cha zamani kama chombo cha kuvukia, na si nyumba ya kuhamia. Kazi ya kusoma iwekwe sehemu moja ya programu, ili siku ya kukitoa isihitajike kugusa kurasa 100. Mfumo wa zamani na mpya visiandike katika hifadhidata moja kwa wakati mmoja, kwani muunganisho wa ADO na ule wa ADO.NET haviwezi kushiriki muamala mmoja: upande mmoja ukikwama katikati, mwingine hauna habari na hauwezi kutengua. Baada ya kuhamisha, jumla za kila kituo kwa kila mwezi zilinganishwe na zile za kitabu cha karatasi, angalau kwa miezi michache iliyochaguliwa bila mpango. Rejesta ya wagonjwa wa nje, Kitabu Namba 5 cha MTUHA, bado ni shahidi bora kuliko kompyuta.

Ulinzi wa data nao umebadilika kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya zimo katika zile zinazohitaji uangalizi wa pekee. Nywila za faili za Access za zamani huvunjwa kwa dakika chache kwa programu zinazopatikana bure. Faili yenye majina ya wagonjwa, au ya watu waliowahi kuandikishwa kambini, haipaswi kusafirishwa kwa barua pepe kwenda kwa fundi wa mbali ili "akaijaribu". Fundi apewe nakala iliyoondolewa majina, na faili ya asili ifungiwe isiandikwe kitu, huku nakala yake nyingine ikihifadhiwa nje ya jengo hilo.